Mstari wa 40

Mwaka 1964, ambao ndio mwaka Kenya ilipokuwa jamhuri, walimu wawili wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga lugha ya kuiamuru kompyuta wakaiita BASIC, na muradi wao ulikuwa kwamba hata mwanafunzi asiyekuwa bingwa wa hisabati apate kuitumia mashine ile kwa akili yake mwenyewe, bila ya kumwendea mtaalamu kumwomba amtendee. Sidhani kwamba walipata kusikia habari za Konoin, kwetu, wala Konoin haikupata kusikia habari zao. Lakini lugha yao ilisafiri, ikapita katika mikono mingi, na ulipotimu mwaka 1985 ikaingia katika nyumba ya mwalimu wetu wa hisabati, ukingoni mwa mashamba ya chai, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Bomet na ambayo siku zile, kabla ya mwaka 1992, ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kericho. Niliyojifunza katika chumba kile cha mbele ndiyo yaliyoongoza kazi yangu yote iliyofuata, nami naona ni wajibu kuyaandika maadamu wengi wa tuliokuwa pamoja bado tu hai na twaweza kusahihishana.

Mashine yenyewe ilikuwa ZX Spectrum, iliyotolewa na kampuni ya Clive Sinclair huko Uingereza mwezi wa Aprili 1982, na ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 ilitangazwa kwa bei ya pauni 175. Familia moja ya Kizungu iliyokuwa inahama nchi iliuza vyombo vyake vya nyumbani, na mwalimu akanunua kwa mpigo mmoja kompyuta, runinga ndogo isiyokuwa ya rangi, na kinasa sauti cha kanda. Vibonye vyake vilikuwa vya mpira wa kijivu, na kila kibonye kilibeba, fauka ya herufi yake, amri nzima nzima, hata ukibonyeza P mwanzoni mwa mstari neno PRINT lilijiandika lote, na ukibonyeza G likatokea GO TO. Ilipotiwa stima, kioo kiliingia giza kitambo kidogo kisha kikawa cheupe, na chini kabisa ukatokea mstari mmoja wenye jina la Sinclair Research na mwaka 1982. Hapakuwa na picha za kugusa, wala kitu chochote kilichokwisha kuandaliwa kwa ajili yako. Mashine ilingoja usemi wako, na usiposema kitu ingalingoja hata kesho yake.

Mwalimu alikuwa mtu wa Lamu aliyeletwa bara na kazi ya serikali. Darasani alifundisha kwa Kiingereza kama kanuni za shule zilivyotaka, lakini nyumbani kwake, siku za Jumamosi alizoturuhusu kwenda, alieleza kila jambo kwa Kiswahili chake kilichotakata, nasi watoto wa kambi za wachumaji, ambao majumbani tulisema Kipsigis au Ekegusii au Dholuo na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza njiani, tukajikuta tunapata ilimu mbili kwa wakati mmoja. Alitwambia kwamba jina linalotumiwa ndani ya programu ni kama debe lililoandikwa jina ubavuni: waweza kulijaza, kulimwaga na kulijaza tena kitu kingine, na jina lake lisibadilike. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimekaa katika kumbi nyingi za masomo tangu siku ile.

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hapana mtu atakayegusa vibonye kabla ya kuandika programu yake yote katika karatasi na kuipitia kwa mkono. Sharti hilo lilitokana na hali ya nchi yetu. Katika milima ya chai asubuhi huwa na jua la ukarimu, lakini adhuhuri ikisha kupita mawingu hujikusanya juu ya msitu wa Mau, ngurumo zikafuata, na mara nyingi mvua ya mawe ikashuka ikayararua majani mabichi kana kwamba yamekatwa kwa makusudi. Na mvua hiyo ilipokuja, stima ilipotea. Kompyuta ile haikuwa na kumbukumbu ila pale ilipokuwa inalishwa stima. Ikikatika nukta moja tu, kazi ya mchana kutwa ilitoweka isibakie hata herufi, na kuihifadhi katika kanda kulikuwa na taabu yake, kwani sauti ikiwa juu mno au chini mno mashine ilikataa kuisoma, ikatoa herufi R na habari kwamba kanda ina kosa.

Basi tukajifunza kuwa mashine sisi wenyewe. Mmoja alishika karatasi akasoma mstari wa 10, mstari wa 20, mstari wa 30. Mwingine alichora ubaoni safu moja kwa kila jina lililotumika, na kila thamani ilipobadilika alifuta ya zamani akaandika mpya. Wa tatu kazi yake ilikuwa kupinga. Yule wa kupinga ndiye aliyefundishika zaidi, kwa sababu alikatazwa kukisia. Mwenye ubao alipoandika jibu analolijua kwa akili yake badala ya jibu linalotokana na mstari uliosomwa, mpingaji aliinua mkono na kusema, "Hilo hujaambiwa." Kauli hiyo ilikuwa ya Mwalimu, ikawa yetu, na hata leo wenzangu wa siku zile tukikutana Kericho mjini, na mmoja akaanza kusimulia habari aliyoijazia kwa dhana, mwingine humkatiza kwa maneno yale yale.

Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa kimoja, kile kilichouzwa pamoja na mashine, kilichoandikwa na Steven Vickers, nacho kilistahili heshima tuliyokipa. Kilianza na msomaji asiyejua lolote, kikamfundisha kuandika jina lake katika kioo, na kabla ya kumaliza kilikuwa kimekwisha kumfunulia jinsi kumbukumbu ya mashine ilivyogawanywa na mahali gani kila kitu kimewekwa. Hakikumficha mtoto kitu kwa hoja ya kwamba yeye ni mtoto. Nadhani heshima ya namna hiyo ni adimu katika vyombo vya leo, na mara nyingine hujiuliza ni nini kilichotupata hata tukaikubali hali ya kutoonyeshwa.

Nchi ya Wakipsigis ilikuwa imekwisha kupokea mashine za kigeni kabla yetu, na haikuzipokea kwa ububu. Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa anakusanya nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet akanasa wimbo wa wasichana walioimba habari za Chemirocha, jina lililotokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Nao walikuwa wamekwisha kumfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Wasichana wale walisikia sauti inatoka katika sanduku, wakaijibu kwa sanaa waliyokuwa nayo. Nasi tulijibu kwa kile tulichokuwa nacho, na tulichokuwa nacho katika kambi ile ni risiti za kupima majani.

Mama yangu alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa, na ujira wake ulihesabiwa kwa kilo. Mara tatu kwa siku wachumaji walijipanga penye banda la kupimia, kila mmoja na kapu lake mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yaliyochumwa tangu umande haujakauka. Karani alikuwa na mizani ya kuning'iniza yenye uso wa duara na mshale. Kapu lilitundikwa, mshale ukatikisika ukatulia, karani akaondoa uzito wa kapu, akatamka hesabu kwa sauti, akaiandika katika daftari na katika kikaratasi cha mchumaji. Aliandika kilo nzima tu. Mshale ukionyesha 14 na kitu, kitu hicho hakikuwa na safu ya kuandikiwa.

Nilikuwa natafuta programu ya kuandika, na kwa kuwa vikaratasi vya Mama vilikuwa vimejaa katika mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, nikaazimia kuandika programu ya kujumlisha kilo za mwezi na kutoa ujira wake, kwa nia safi ya kumpunguzia kazi ya kuhesabu kwa vidole. Mstari wa 10 uliweka jumla kuwa sifuri. Wa 20 uliuliza uzito. Wa 30 uliondoa kapu. Ulipofika wa 40 nikasita, kwa sababu mashine haikujua desturi ya bandani: ukiiambia 14.7 itajumlisha 14.7, wala haitakata chochote isipoamriwa. Ili jumla yangu ilingane na ya karani, ilinibidi niandike kwa mkono wangu amri ya kukata. Amri hiyo katika BASIC huitwa INT, na kazi yake ni kuishusha hesabu hadi nambari nzima iliyo chini yake. Nikaiandika, na jumla ikalingana.

Mwenzangu aliyekuwa mpingaji siku ile, mtoto wa Kisii ambaye baba yake alikuwa fundi wa boila kiwandani, hakuridhika. Aliuliza kwa nini tunashusha siku zote na hatupandishi hata mara moja, maadamu 14.7 iko karibu na 15 kuliko 14. Mwalimu, aliyekuwa anasahihisha madaftari pembeni, akaweka kalamu chini.

"Mmetaja kanuni mbili," akasema. "Moja yakata, na moja yasogeza kwenye kilicho karibu. Msinambie ipi ni ya haki. Ipelekeni mashine ikaseme kila moja yatoa nini, kisha mseme wenyewe."

Tukaupa mstari wa 20 kazi mpya: badala ya kuuliza uzito, mashine iubuni yenyewe kwa bahati nasibu, baina ya kilo 8 na kilo 20, na ipime makapu 100. Tuliweka jumla mbili, moja ya uzito wa kweli na moja ya kilo nzima, na mwishoni tukaitaka itoe tofauti. Hesabu ilichukua muda mfupi tu. Jibu la kwanza lilikuwa kilo 48 na kitu. Tukaiendesha tena, ikatoa 52 na kitu; tena, ikatoa 49 na kitu; haikukimbia mbali na 50 hata mara moja. Kwa kanuni ya pili, ya kusogeza kwenye nambari iliyo karibu, tofauti ilikuwa kilo chache tu, mara ikimpendelea mchumaji na mara ikilipendelea shamba, na kadiri makapu yalivyozidi ndivyo fungu la kila kapu katika tofauti hiyo lilivyozidi kuwa dogo. Maana yake ilikuwa bayana: anayekatiwa siku zote hupoteza kwa wastani nusu kilo kila anapopimiwa. Siku 26 za kazi, mara 3 kwa siku, ni vipimo 78. Na nusu ya 78 ni 39. Mama alipochuma vizuri, kwa siku njema isiyokuwa na mvua, alifikisha kiasi hicho hicho. Kila mwezi, basi, alikuwa anachuma siku moja nzima ambayo haikuandikwa mahali popote.

Nilikwenda nyumbani na hasira za ujana, nikamweleza Mama jioni ile akiwa anasonga ugali wa wimbi. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, Karani si mwizi. Mtoto wake alipougua mwaka jana mimi nilikwenda kumwangalia, na mtoto wangu akiugua atakuja. Yeye anaandika alivyoambiwa kuandika." Nami kesho yake nilipomsimamia karani yule bandani, nikimtazama kwa jicho la kutafuta hila, sikuiona. Alisubiri mshale utulie. Aliwaonyesha wachumaji uso wa mizani kabla ya kutamka. Aliondoa uzito ule ule wa kapu kwa kila mtu, mzee na kijana, jamaa yake na mgeni. Alikuwa mtu mwadilifu anayeutii mstari wa 40, na mstari wa 40 haukuandikwa na yeye.

Kabla ya hapo nilidhani kwamba palipo na dhuluma sharti pawe na dhalimu, na kwamba kazi ya mwenye haki ni kumtafuta na kumfichua. Kumbe yaweza kuwapo dhuluma ambayo kila mtu anayeigusa mikono yake ni safi, kwa kuwa ubaya wote umekaa ndani ya kanuni fupi ambayo aliyeitunga amekwisha kuondoka, na pengine naye aliitunga kwa sababu nyepesi tu, kama vile wembamba wa safu katika daftari. Kanuni kama hiyo haionekani kwa kuwatazama watu. Huonekana pale unapolazimika kuiandika wewe mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa ajili ya msikilizaji asiyejua desturi na asiyekubali kukisia, na unapofika mahali ambapo mkono unasita kwa kuwa sasa unatakiwa useme waziwazi jambo ambalo watu wote hulitenda kimya.

Mwalimu alitushauri tuandike barua kwa wasimamizi, kwa taadhima, tukieleze kipimo na tusimtaje mtu. Tuliiandika, wazazi kadhaa wakatia dole gumba, ikapelekwa. Haikupata jibu. Miaka mingi baadaye zilipofika mizani za kielektroniki zenye kusoma sehemu za kilo, jambo lile lilikwisha bila ya mtu kusema kwamba lilikuwapo, na Mama alikuwa amekwisha kustaafu. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Mimi nikaenda Nairobi, nikasoma uhasibu, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeandika programu za mishahara kwa waajiri wa kila namna. Katika kazi hiyo kugawanya hakukwepeki, na kila palipo na kugawanya hubaki senti. Nimekuwa na desturi, ambayo wakubwa wengine waliiona ni ukaidi, ya kutokubali kuandika mstari wowote wa kukata hesabu mpaka nielezwe kwa maandishi kinachokatwa kinakwenda wapi na ni nani aliyeamua. Mara nyingi hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza, na mara nyingi, nashukuru kusema, alipoulizwa mwenye mamlaka aliona haya akabadilisha.

Mwezi wa Mei 2023 waandamanaji katika mashamba ya Kericho walizichoma moto mashine za kuchumia chai, na watu waliokuwa mbali wakasema kwamba watu wa huku wanachukia maendeleo. Siwezi kuusifu moto. Lakini mimi nimekulia miongoni mwa watu hawa, na sijapata kuona kwao chuki ya chombo. Santuri waliipokea, redio waliipokea, na fedha za simu waliziingia kwa wepesi kuliko mataifa mengi tajiri. Kinachowauma ni kuletewa kitu chenye hesabu iliyokwisha fungwa ndani yake, kwamba mashine moja itakaa mahali pa watu kadhaa, bila ya wao kuketishwa mezani ilipokuwa hesabu hiyo inaandikwa. Na jambo hilo sasa limeenea hadi mifukoni mwetu. Kijana wa Litein akiomba mkopo kwa simu, kuna kanuni inayomkubali au kumkataa, ina mistari yake, na mmoja kati ya mistari hiyo huenda ni wa 40. Ila kioo anachokishika ni laini, kinang'aa, na hakina mahali pa kuingilia.

Kwa hiyo nilifurahi kwa dhati mwaka 2022 Kenya ilipoidhinisha mtaala wa kufundisha utungaji wa programu katika shule za msingi na za sekondari, hata kama najua kwamba kuna shule ambazo hazijapata stima ya kutegemewa, na kwamba vishikwambi vilivyoanza kugawiwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016 vingi vimelala makabatini. Ukosefu wa vyombo ni jambo zito, wala sitaki kulipunguza. Hata hivyo sisi tulikuwa na mashine moja kwa kijiji, na sehemu kubwa ya tuliyojifunza tulijifunza wakati imezimwa.

Nimerudi kukaa Konoin, na siku za Jumamosi huwakusanya watoto wa jirani katika ukumbi wa kanisa. Zipo kompyuta chache zilizotumika, lakini huanza kwa ubao, msomaji, mwandishi na mpingaji. Mwezi uliopita niliwapa kazi ya kuandika kanuni ya kugawa bonasi ya mwaka kwa wakulima wadogo kulingana na kilo walizoleta, nikaamini kwamba nimewawekea ugumu wote katika kugawanya na zile senti zinazobaki. Waliufikia, wakaushughulikia vizuri. Kisha msichana mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa mpingaji, akainua mkono.

"Mwalimu, mkulima akifa kabla ya bonasi, na mkewe ndiye aliyekuwa anachuma lakini nambari ya mkulima ni ya mume, mstari unasema nini?"

Nilimwambia kwamba mstari hausemi kitu, kwa kuwa hatujauandika. Wakavuta viti karibu na ubao, wakaanza kubishana kama uingie baada ya wa 30 au kabla yake.